Namba ya Jaruba

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa katoni la chupa tupu nikapelekwa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Mimi mtoto wa Kilolo, niliyezoea baridi na viazi, nilidhani utafiti ni koti jeupe. Mtafiti Mkuu, mama mkali asiyecheka kabla ya chai, alinisimamisha mlangoni.

"Kusanya mkojo kati ya saa nne na saa nane mchana. Ukiniletea wa alfajiri, umeniletea maji."

Alikuwa sahihi. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana. Minyoo yake huingia kupitia ngozi mtu akisimama kwenye maji yenye konokono, kisha hutesa kibofu miaka na miaka. Tulichuja mkojo, tukaweka chujio chini ya darubini, tukahesabu mayai. Baadaye nilihamishiwa Mbeya, kisha Iringa, nikaandika makala nyingi kuhusu kibofu, nyingine nikizipenda kuliko zilivyostahili.

Yakaja mambo ya kushirikishana takwimu: unaweka jedwali lako mtandaoni, mwenzako wa mbali alitumie. Niliyashabikia mno. Nilifuta majina yote, nikaacha namba za majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, ili ijulikane mfereji upi una konokono. Kwa mbwembwe zangu nikabandika nakala kwenye ofisi ya kijiji, kule kule Ubaruku.

Kumbe kule mtu hujulikana kwa jaruba lake. Wiki haikuisha, kila mtu akajua ni mama gani anakojoa damu na hawezi kuzuia mkojo. Wanawake wakaacha kuleta chupa. Mama huyo akaacha kwaya, akaacha na kliniki, ilhali tulihofia uvimbe kwenye kibofu chake na alitakiwa hospitali ya Mbeya haraka.

Mtafiti Mkuu hakunifokea. "Nenda ukamwambie ni wewe," alisema. "Usimwandikie barua. Nenda mwenyewe."

Nilimkuta akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia we ndo ulinibandika."

"Ndiyo, mama. Lakini jina nililitoa."

"Jina! Huku nani ananiita jina?"

Niliona aibu. Nikamwomba radhi, nikabandua jedwali, la mtandaoni nikaliondoa. Nilirudi kwake kila wiki, na mwezi ulipokaribia kwisha alikubali kupanda gari letu. Mbeya walikuta uvimbe umeshasambaa. Sijui kama wiki zile zilizopotea zingemwokoa, na kutojua huko kunaniuma hadi leo.

Nilimtembelea wodini.

"Daktari, wenzangu wa mfereji ule wamepimwa?"

"Wanakataa, mama."

"Basi rudisha namba ya jaruba langu pale ofisi ya kijiji, waone. Ila kwanza nisomee ulichoandika."

Nikamsomea mstari wake wote wa jedwali. Akanisahihisha umri, nami nikabandika tena namba ya jaruba lake kijijini. Alifariki kabla ya mavuno, na wanawake wa mfereji wake walipotoka mazikoni, wakaanza kuja na chupa zao.

Tangu hapo sikutoa mstari wa mtu kabla ya kumsomea mwenyewe. Makala zangu zilichelewa, wakubwa wakanuna, nikastaafu hivyo hivyo. Sasa niko Iringa, na watafiti vijana hunifuata wakiuliza mwenye jaruba lile alikuwa nani, wamshukuru kwenye maandishi yao. Chai nawapa. Jina siwapi. Mama yule aliniruhusu jaruba tu.