Nyimbo za Mke wa Pak Wiryono

Retnaningsih alikuwa na duka la kuchapisha karatasi mjini Malang, Indonesia, karibu na chuo. Kompyuta yake ilitumia mfumo wa Linux, maana virusi vya flashi za wanafunzi vilishaiua ile ya kwanza. Aliipanga ifungue flashi yenyewe ukishaichomeka. Ukimaliza, unabonyeza ili iiachie, ndipo unachomoa. Foleni ikirefuka, hiyo hatua ya kubonyeza ilirukwa.

Jumatatu moja asubuhi akaja Pak Wiryono, yaani Baba Wiryono, mzee anayefundisha watoto kupiga gamelan, zile gongo na vyombo vya shaba vya Kijawa. Flashi yake kuukuu ilikuwa na nyimbo arobaini na moja alizoimba marehemu mkewe.

"Nihamishie kwenye hii mpya, binti yangu. Ya zamani imeanza kunisumbua."

"Dakika mbili tu, Pak."

Kioo kilipoonyesha kazi imekwisha, mwanafunzi mmoja akapaza sauti nyuma. "Mbak, dada yangu, chapchap basi! Mwalimu atanila nyama!"

Retna akachomoa flashi zote mbili. Hapo ndipo akaona taa ya ile mpya ilikuwa bado inapepesa.

Akairudisha. Haikufunguka. Nyimbo zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zikingoja kuandikwa, zikapotea alipochomoa; na kwenye flashi ya zamani zilishafutwa, maana alizihamisha badala ya kuzinakili.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Pak, nimekosea. Nimechomoa mapema. Niachie zote mpaka alasiri."

Pak Wiryono hakufoka. Aliketi kwenye benchi. "Nitasubiri hapa hapa."

Afadhali angefoka.

Retna akawaondoa wanafunzi, akafunga mlango. Kwanza aliizuia kompyuta isifungue flashi yenyewe, isije ikaandika juu ya vilivyofutwa. Kisha akainakili nzima ile ya zamani, akaanza kuokoa kutoka kwenye nakala. Aliandika amri moja mara tatu akikosea.

Mafaili yakarudi bila majina. Wakayasikiliza moja moja.

"Ndiye," mzee alisema kila mara. "Ndiye huyo."

Zilirudi thelathini na nane.

"Ule wa harusi ya mwanetu?"

"Haupo, Pak."

Akavua miwani, akaikunja polepole. "Basi nipe hizo."

Wiki hiyohiyo Retna aliipanga upya kompyuta: iandike papo hapo, na flashi isipotumika sekunde chache, iachiwe yenyewe. Pak Wiryono bado huja kuchapisha nota. Wimbo ule hajawahi kuutaja, na Retna hajathubutu kuuliza.