Bima Inalipa Mara Moja

Wifi yangu hajui kukaa. Akija saluni kwangu husimama nyuma yangu nikisuka, anapanga upya vitana nilivyokwisha kuvipanga, hadi wateja wananiuliza kama ni mkaguzi. Nyumbani tunamwita Mkasi. Ni mkataji katika kiwanda cha nguo, na mdomo wake nao unakata, ingawa mimi simwogopi.

Aliishi na kaka yangu miaka mingi bila mtoto. Watu walisema waliyosema, na wengine walitaka niseme nao. Niliwatolea uvivu. Kisha kiwanda kikabadilisha bima, na ile mpya ikakubali kulipia matibabu ya uzazi: mayai yavunwe, yarutubishwe maabara, kisha kiinitete kipandikizwe tumboni. Mara moja tu. Ikishindikana, mtu ajitegemee, na kwa mishahara yao kujitegemea maana yake ni kusahau.

Vilipatikana viinitete viwili vizuri. Daktari, mama mmoja mpole, aliwaita, na mimi nikaburutwa niende, kwa kuwa Mkasi alidai kaka yangu akiogopa masikio yanaziba.

"Nashauri tupandikize kimoja," daktari alisema. "Cha pili tukigandishe. Mapacha kwa mwili wako ni hatari, wanaweza kuja kabla ya wakati."

"Bima inalipia kugandisha?" Mkasi aliuliza.

"Hapana."

"Na kukipandikiza baadaye?"

"Nako hapana."

"Sasa unanishauri mimi au unamshauri mwenye pesa?"

Nilimwonea daktari huruma, lakini nilikuwa upande wa Mkasi, tena kwa moyo wote.

Siku zilizofuata nyumba yao haikukalika. Alisugua jiko lililong'aa, akafua mapazia, akayafua tena. Kaka yangu alimfuata chumba kwa chumba akimbembeleza.

"Mke wangu, tuchukue kimoja tu."

"Mimi kazini nikipewa meza zamu moja, natandaza tabaka zote za kitambaa, nakata kwa pamoja. Nikikata moja nikaacha nyingine, meza wakipewa wenzangu, nimekula hasara."

"Hiki si kitambaa."

"Najua. Ndiyo maana siachi hata kimoja."

Vilipandikizwa viwili, na vyote vikashika. Nilipiga kelele saluni mpaka mteja wangu akaruka na kichwa nusu kimesukwa. Hata daktari alifurahi, ila alituchekea kwa mdomo tu, macho yake hayakucheka.

Tumbo lilikua haraka kuliko tulivyotaka. Mtu asiyejua kukaa akaamriwa alale. Alilala ubavu huu, akageukia ule, akaniita nimhamishie kitanda dirishani, kisha akanigombeza kwamba dirishani kuna kelele. Kila tumbo lilipokaza roho zetu zilikuwa juu. Nilikuwa naacha kazi katikati nampigia simu, naye anajibu, "Bado wamo, acha uchuro."

Asubuhi moja hakujibu. Chupa ilikuwa imepasuka, na mwezi wa saba haujaisha.

Wa kwanza kutoka alikuwa wa kiume. Hakufika jioni. Wa pili, wa kike, aliwekwa kwenye mashine ya joto katika wodi ya watoto njiti, mirija puani, na mkono wake haukuzidi kidole changu. Tulimzika yule huku tunamkimbilia huyu. Mkasi hakupewa hata nafasi ya kulia vizuri, ilibidi akamue maziwa.

Wiki zikaenda. Nilikwenda dirisha la bima nikiwa nimejiandaa kugombana.

"Hii mashine mnalipia?"

"Tunalipia, dada. Oksijeni, dawa, kitanda, mpaka mtoto atoke. Njiti hawana kikomo."

"Na kugandisha kiinitete?"

"Hicho hakimo."

Nilimtukana. Kijana wa watu hakuwa na kosa, lakini nilimtukana, na sijajuta. Kugandisha ni senti ukilinganisha na ile mashine, na mtoto wetu mmoja alikuwa tayari ardhini.

Siku ya kuruhusiwa, daktari yule mpole alikuja wodini. Mtoto alikuwa ananyonya mwenyewe, analia kwa sauti ya kudai haki. Daktari alimshika Mkasi bega.

"Hongera. Na pole, mama."

"Asante. Nikuulize kitu kimoja. Yule mwingine, kama tungemgandisha, angesubiri?"

"Angesubiri."

"Mwaka?"

Kaka yangu alimshika mkewe mkono ili aache kuuliza, naye Mkasi akauchomoa.

"Hata miaka," daktari alisema.

Mkasi alitikisa kichwa kukubali. Akamfunika binti yake uso jua lisimpige, akatangulia kutoka.