Wali wa Pakiti Alioleta Wifi

Nisiwafiche, niliuonea wivu wali wa pakiti. Siyo aliyeuleta tu, wali wenyewe, ule uliofungwa kwenye karatasi inayong'aa, na picha ya karoti na njegere mbele. Mtu mzima na wajukuu zangu, naonea wivu chakula.

Mume wangu alikuwa ametoka hospitali. Alilazwa muda, akarudi shati linamning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Daktari alisema mambo mawili. La kwanza, apunguze chumvi kwa sababu ya presha. La pili, ale arudishe mwili, maana akipungua tena atarudishwa wodini. Hili la pili ndilo lililonikaa rohoni. Hilo la kurudishwa wodini sikutaka hata kulisikia.

Nikapika. Na mimi kupika najua, jamani. Nilizaliwa kule chini ziwani, karibu na Mbamba Bay, nikaolewa huku juu Mapera kwenye baridi, na siku za mwanzo wanawake wa huku walinicheka, wakisema binti wa samaki, ngolo hataiweza. Ngolo ni mashimo yetu ya kulimia. Unalaza nyasi kwenye mteremko, mistari inakatizana, halafu unachimba katikati na udongo wake unafunikia zile nyasi. Mlima unakuwa kama mkeka uliosukwa. Niliiweza, mgongo wangu ndio shahidi. Maharage yote aliyokula mume wangu tangu tuoane yametoka kwenye mashimo yangu. Nayasema haya mwielewe hasira yangu, siyo kujisifu. Haya, na kujisifu kidogo.

Lakini akawa hali. Anamega tonge, la pili, anasukuma sahani. Nikaagiza usipa kwa dada yangu, wale dagaa wetu wa Nyasa. Siku hizi barabara ya ziwani ni lami, samaki anafika Mbinga kabla hajajua kama amekufa. Nikawaunga kwa nyanya na chumvi ya kunusa tu. Alikula kidogo, akasema ahsante, akalala.

Ndipo akaja wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anayeishi Dar es Salaam. Alishuka kwenye bodaboda na boksi mapajani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Umetuletea nini, sabuni?"

"Kwani bado mnanuka samaki?" Ndio utani wetu huo, tumezeeka nao. "Nimemletea kaka chakula cha lishe. Wali na mboga, umeshapikwa kabisa. Unachemsha maji, unatumbukiza pakiti, unakata, mtu anakula."

Umeshapikwa. Neno hilo nililirudia jikoni peke yangu. Umepikwa na nani?

Siku ya kwanza alinipa pakiti niiandae mimi. Nikafanya ambavyo angefanya mtu yeyote wa huku: nikasonga ugali, nikamimina ule wali kwenye bakuli la mboga, nikapeleka. Una karoti, una njegere, una majimaji ya mafuta, mimi nilijua ni kitoweo. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi jamani! Ugali kwa wali?"

Mume wangu alikuwa ameshachovya tonge, ameshameza. "Mbona mtamu tu," akasema.

Kuanzia hapo wifi akaichukua kazi ya kuandaa, na wivu wenyewe hasa ukaanza. Kwetu mwanaume anakula sebuleni. Mke anaweka chakula, anamnawisha, anarudi jikoni kula na watoto. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo nilivyofanya, hata baada ya watoto kuondoka wote nikabaki nakula na paka. Wifi, kwa kuwa ni dada yake, na ni mtu wa mjini, alikaa naye palepale mkekani, pakiti mkononi, anamsomea.

"Hii nishati, kaka, ya kukupa nguvu. Protini hii, inajenga mwili. Nyuzinyuzi za tumbo. Vitamini A, ya macho."

"Mm," mume wangu anaitikia, kama yuko kwenye litania kanisani. "Mm." Na anamaliza sahani! Nakisikia kijiko kinakwangua bati, mimi niko jikoni na usipa wangu unapoa.

Mashavu yakaanza kurudi. Mnadhani sikufurahi? Nilifurahi, nilimshukuru Mungu, na katika sala hiyohiyo nikanuna. Jirani akapita njiani akaita, "Mzee anarudi! Dada yake kamfaa kweli!" Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Ashukuru uzio.

Nikaokota pakiti tupu jalalani. Niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, polepole, lakini nasoma. Upande mmoja Kiingereza, sikuhangaika nacho. Upande wa pili Kiswahili, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nilikuwa natafuta ubaya. Mchele, karoti, njegere, mahindi, mafuta. Njegere zenyewe, nenda Matiri, hukuhuku kwetu, uone watu wanavyozilima. Protini ipo, ila kidogo, gramu za kuhesabu kwa vidole. Nikasogea chini. Chumvi. Na siyo haba. Nikaikung'uta pakiti, nikaificha kwenye kanga.

Mchana nikaingia sebuleni na pakiti yangu wakiwa wanakula.

"Wifi, hapa pameandikwa chumvi. Daktari alisemaje?"

Aliinua macho, hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Niliiona tangu dukani, wifi. Ndiyo maana simpi yote. Nusu yake, nusu yangu. Na protini ni ndogo, hilo nalo najua. Nilitaka nikuombe maharage yasiyotiwa chumvi nimchanganyie, nikaogopa. Uso wako siku hizi hauombeki."

Nikabaki nimesimama na karatasi yangu. Nilikuja kumshinda mtu, nikakuta hashindani. Lakini hasira ikishatoka lazima iende mahali, nikamgeukia mume wangu.

"Na wewe, hiki chenye maandishi unamaliza, changu unasukuma. Changu kina kasoro gani?"

Siyo mtu wa maneno. Alitafuna, akameza.

"Chako hakina kasoro. Ila nakula peke yangu. Nilipokuwa mzima sikuliona hilo. Sasa nautazama ukuta, tonge halishuki. Huyu anaongea, nasahau, nakuta sahani tupu."

"Kumbe siyo vitamini!" wifi akasema.

"Vitamini sijazionja bado."

Wifi akacheka. Mimi sikucheka. Miaka yote ile, na ukuta tu katikati yetu.

"Mdomo wa kuniita hukuwa nao?"

"Ungekuja?"

Nisingekuja. Nilikwenda jikoni, nikachota maharage ambayo sijayatia chumvi, nikabeba na sahani yangu ya kulia, nikarudi nayo.

"Wifi, sogea."

"Nisogee wapi? Mkeka umekwisha."

"Sogea hivyohivyo."

Akasogea, makalio yake nusu yakawa kwenye sakafu, akasema kumbe watu wa samaki nao wana mabega. Nikamwagia mume wangu maharage juu ya wali wa pakiti. Sikuwa na kitu cha kumsomea, kwa hiyo nikaanza kumsimulia mbuzi wa jirani aliyevunja uzio akaingia kwenye kahawa, na jirani alivyoapa kwamba mbuzi wake hajui kuruka. Alikula. Hata alipomgeukia wifi acheke naye, nikamwongezea maharage haraka, akanigeukia mimi.