Yupo, Hayupo Hapa Tu

Watoto wa darasa la pili walimwita mwalimu wao Mwalimu Subiri, na mwenyewe alijua. Mtoto akiulizwa swali, jirani yake akamchomolea jibu mdomoni, mwalimu huyo alikuwa na neno moja tu: "Subiri." Hakufoka. Alilisema kama mama anayemzuia mtoto asifunue sufuria kabla chakula hakijaiva.

Sasa mvua zile kubwa zilipolibeba daraja, nusu ya darasa lake ilibaki ng'ambo ya mto. Padre, mkuu wa ile shule ya kanisa, akawaita walimu ofisini.

"Watoto hatuwezi kuwavusha," alisema, "basi tuvushe masomo."

Kila mwalimu arekodi somo kwa simu, na karani wa shule awatumie wazazi. Wengine walijifungia peke yao wakasoma kitabu mpaka koo likakauka. Mwalimu Subiri hakuweza kufundisha ukuta. Aliiegemeza simu kwenye kopo la chaki, katikati ya darasa, akawafundisha waliopo na wasiokuwepo kwa pamoja. Kila asubuhi kabla ya sala aliita majina. Akimwita wa ng'ambo, alinyamaza akalitazama dawati lake tupu.

"Mwalimu, hayupo huyo!" walipiga kelele siku ya kwanza, wakicheka.

"Yupo. Hayupo hapa tu. Mwacheni ajibu."

Wakazoea. Likiitwa jina la wa ng'ambo, darasa zima lilitulia tuli kama maji ya mtungini, mpaka mwalimu aitikie kwa kichwa kwamba amejibiwa.

Mmoja wa hao wa ng'ambo alikuwa binti mdogo waliyemwita Kifaranga. Alikuwa na kigugumizi, na darasani hakuwahi kumaliza sentensi. Wenzake walimmalizia, wala si kwa ubaya, ni midomo kuwasha tu. Alilelewa na bibi yake, fundi cherehani asiyezunguka maneno. Bibi alikwishamwambia mwalimu: "Muhula huu ukiisha hajasoma kwa sauti, atabaki nyumbani anishikie vitambaa. Sishoni sare ya kukalia bubu." Mwalimu hakubishana naye, lakini maneno yale alilala nayo, akaamka nayo.

Basi wazazi wakaanza kulalamika kwamba masomo ni mazito, hayafunguki upesi kwenye simu zao. Karani alikuwa mtu mwema, ila mikono yake ilitangulia kabla hajauliza. Akalisikiliza somo la Mwalimu Subiri, akakuta vipande virefu vya ukimya, akadhani simu ilikuwa ikikatika. Akavifyeka vyote. Somo likawa jepesi kama unyoya, naye akajipongeza.

Jioni ile simu ya mwalimu ikaita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu amekukosea nini?"

"Kwani kuna nini, bibi?"

"Kila siku anavaa sare, anasimama kando ya cherehani yangu. Ukimwita humo kwenye simu anahangaika weee, mwisho anakwambia, 'Nipo, mwalimu.' Na maswali yako anayajibu. Mimi nasimamisha cherehani nisimharibie. Leo hajafikisha hata 'ni', umeshamruka! Kavua sare, yuko kitandani kajifunika gubigubi."

Mwalimu alikaa chini, asijue acheke au alie. Kumbe Kifaranga alikuwa anajibu!

Usiku alilisikiliza somo kama lilivyotumwa, akakuta ukimya wote umefyekwa. Asubuhi alimfuata karani. "Kaa hapo, kaka. Ukisikia jina lolote, wewe itika, 'Nipo, mwalimu.'" Akaliwasha somo. Karani akafungua mdomo, na kabla hajaufunga majina matatu yakawa yameshapita.

"Ah, mwalimu! Haya ni masomo au mbio?"

"Ndiyo uliyowatumia watoto."

Karani akashika kichwa. "Nisamehe, dada. Nilidhani hapo hamna kitu."

"Hapo yumo Kifaranga."

Tangu hapo somo likawa linatumwa vipande vifupi vifupi, na ukimya wote ndani yake.

Muhula ulipokaribia kwisha, mafundi wakatandika daraja la mbao, watoto wakavuka. Bibi alimleta Kifaranga mwenyewe, akabaki mlangoni, sindano na uzi vimechomekwa kifuani. Mwalimu akaita majina.

"Kifaranga."

"Ni… ni…"

Mwalimu aliinua mkono atoe neno lake. Halikuhitajika. Hakuna aliyemmalizia. Darasa lilitulia vilevile lilivyozoea kulisubiri lile dawati tupu.

"Nipo, mwalimu."

Akapewa kitabu. Alisoma ukurasa mzima kwa mwendo wake, akikwama, akijinasua, na kengele ya mapumziko ikalia hakuna aliyenyanyuka.

Bibi hakupiga makofi. Alimvuta mjukuu wake, akainama, akakagua pindo la sketi ya sare.

"Imeshakuwa fupi hii," alimwambia mwalimu. "Mwaka ujao haitamfaa. Acha nikaishushe."