Simu Iliyokataa Laini ya Mke Wangu

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu. Aliugua kwa muda mfupi. Nilifika kutoka kisiwani Bumbire, nilikofanyia biashara, nikamkuta bado anaongea, na ninashukuru kwa hilo. Tulimzika kwenye kibanja chetu cha migomba kule Rubafu, upande wa mibuni aliyoipanda mwenyewe.

Vitu vyake viligawanywa. Dada zake walichukua vitenge, binti yetu akachukua jembe na vikapu. Simu yake hakuna aliyeitaka, kwa sababu haikuwahi kupigiwa hata siku moja.

Niliinunua mimi, Bukoba mjini, kwenye meza yenye mwavuli wa kampuni ya simu na muziki mkubwa. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha chai mwaloni kwa wavuvi, Bumbire, namwacha nyumbani wiki nyingi, nikataka awe na simu yake. Sikujua kwamba ilikuwa imefungwa, inakubali laini za kampuni ile peke yake. Na mtandao wa kampuni ile haufiki kijijini kwetu, mlima unauzuia. Alipoweka laini yake ya kampuni nyingine, kioo kikaandika kwamba laini haikubaliki. Alicheka.

"Umeniletea saa yenye tochi," akasema.

Ikawa hivyo, saa na tochi. Kuongea nami aliendelea kama zamani. Alifunga laini kwenye pindo la kanga, akapita kwenye migomba hadi kwa mke wa kaka yangu, akaiweka kwenye simu ya yule, nami nikapiga. Ili asipitiwe na kazi alitega alamu kwenye simu yake iite kila jioni, akaiandikia jina: Bumbire.

"Wasibota waitu," ndivyo alivyonisalimu, na nilisikia sauti yake ikishuka chini, maana alikuwa anapiga magoti kama wanawake wa kwetu wanavyosalimu. Nyuma yake nilimsikia shemeji yangu:

"Inuka wewe! Anakuona huko kisiwani?"

"Haoni. Magoti yangu yanajua."

Nilimwambia mara nyingi kwamba nikija nitaipeleka simu kwa fundi ifunguliwe. Hakutaka. "Ikifunguliwa nitakaa ndani peke yangu," alisema. "Kule nachekwa, napewa na kahawa ya kutafuna."

Baada ya msiba sikurudi Bumbire. Simu yake niliichaji kila ilipoisha moto. Jioni iliita, jina likatokea, nikaiacha mpaka inyamaze. Hakukuwa na mtu wa kwenda kokote.

Mwaka huu simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Binti yetu, aliyeolewa Muleba, alinitafuta siku kadhaa bila kunipata, akapanda gari akaja. Alinikuta nafyeka majani ya migomba. Akakaa chini pale pale, akalia.

"Tata, nilidhani na wewe umekwenda. Simu ya mama si ipo? Kaifungulishe."

Nikaipeleka mjini. Fundi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, meza yake ipo ndani ya duka dogo karibu na soko.

"Baba, hii imefungwa kama sakristia ya kanisa," akasema. "Nikiiflashi inafunguka leo hii, lakini inafuta kila kitu. Ndani kuna nini?"

"Alamu."

Fundi wa meza ya pili akaangua kicheko. "Alamu, mzee? Nakutegea nyingine hapa hapa, yenye wimbo wa kwaya!"

"Aliyeitega amekufa," nikasema. Hakucheka tena.

Yule mama aliigeuza simu mkononi. Akasema ipo njia nyingine: anatuma namba zilizo chini ya betri, analetewa namba ya siri ya kufungulia. Njia hiyo haifuti kitu. Lakini namba anazoletewa si zote za kweli, na ukikosea mara chache simu inajifunga moja kwa moja, haitafunguka tena.

"Ikijifunga, alamu itabaki?" nikauliza.

"Alamu itabaki. Ila simu ya kuongea na binti yako ndiyo basi, hata mimi sitaigusa tena. Nifanye, au niiflashi?"

Nilimwona tena akilini binti yangu amekaa kwenye majani, analia. Nilitaka vyote viwili, na nikamwambia hivyo.

"Basi Mungu awe nami," akasema, akaanza.

Namba ya kwanza ilikataliwa. Ya pili nayo. Nikatoka, nikasimama kibarazani nikiwapa mgongo.

"Baba, rudi."

Laini yangu ilikuwa imekubali. Kabla sijauliza, alibonyeza hadi kwenye alamu, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Bumbire. Ipo.

Nilimpigia binti yangu nikiwa bado kwenye benchi la fundi. "Wasibota waitu, tata," akasema, na sauti yake ikashuka chini. Nikamwambia, "Inuka, mwanangu."

Jioni, nyumbani, alamu iliita. Safari hii niliizima kwa mkono wangu, nikaitia simu mfukoni, nikapita kwenye migomba hadi kwa shemeji. Alikuwa nje anachambua maharage.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali."

"Sasa huku umefuata nini, na simu unayo?"

Alinitazama kidogo, akasogeza ungo, akanipa kigoda, kisha akaingia ndani kuleta kahawa.