Mzee Mwakio Aliyenyimwa Kura

Siku yangu ya kwanza kama karani wa kuandikisha wapiga kura, Bwana D.O., ofisa Mzungu wa tarafa, alinichukua kwa Land Rover kutoka Voi hadi Werugha. Njiani akaniambia, "Wewe tafsiri tu. Usimwombee mtu." Jimbo letu wakati huo lilikuwa Pwani nzima, na Mwafrika ndiyo kwanza aruhusiwe kumchagua mjumbe wake.

Nyinyi vijana mnaopanga foleni na kitambulisho tu, hamjui raha yenu. Enzi hizo kura ilikuwa na masharti. Kisomo kilikupa moja, mshahara au mali ikakupa nyingine, na waliobahatika walifika tatu. Asiyetimiza hata sharti moja alirudi shambani.

Mwalimu Mghoi alipata mbili. Nyuma yake alisimama baba yake, Mzee Mwakio, aliyekuwa akiamua kesi za mipaka pale kijijini. Alivaa koti lake la kanisani na alikuwa akiitaka kura hiyo kwa moyo wote. Hakusoma, hivyo alitegemea mali.

"Muulize ana ng'ombe wangapi."

Niliona aibu. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake hadharani, tena wengi huwaweka kwa marafiki wa mbali, wawatunze na kunywa maziwa. Nikauliza.

"Zizini yuko mmoja," mzee akajibu. "Wengine wako kwa watu."

"Awataje hao watu, niwaandike."

Mghoi akanong'ona, "Baba, taja hata wawili."

"Nyamaza wewe." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mwambie nikiwataja, kesho chifu atakuwa mlangoni kwao akiuliza kodi. Wamenitunzia tangu baba yangu yu hai. Niwalipe hivyo?"

Nilitafsiri yote. Bwana D.O. hakuwa mtu mbaya. Alifunga kalamu yake, akasema, "Basi, hana kura."

Nilihamishwa Wundanyi, kisha Taveta, chini ya mabwana wengine, hadi kura ikawa ya kila mtu mzima. Mzee Mwakio hakuifikia. Nilikwenda kumzika. Kaburi lilipofunikwa, wanaume wakaanza kusimama, wa Chawia, wa Mgange, wengine sikuwajua, kila mmoja akimwambia Mghoi, "Kwangu wamo ng'ombe wa baba yako." Hawakuulizwa na mtu.

Nimestaafu siku nyingi, na bado inaniuma. Mtu huyo ndiye tuliyemwambia hastahili kuchagua kiongozi.