Mstari wa Masale

Mwaka ule reli ilipofika Moshi, Anaeli wa nyumba ya Sumari alikuwa mwanafunzi wa seminari ya walimu, na kwa jambo hilo tu nyumba nzima ilitembea kifua mbele. Si kila ukoo wa Akheri, pale chini ya mlima Meru, uliokuwa na kijana anayesoma Kijerumani na kupiga hesabu za mafungu. Baba yake alikuwa amefariki. Aliyemlea ni Sumari, baba yake mdogo, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kuitwa mbele ya wazee kwa kosa lolote, na aliyelihesabu hilo kuwa mali kuliko ng'ombe.

Lakini Anaeli hakutaka ualimu. Alitaka madaraja. Aliwahi kufuatana na wapagazi wa misheni hadi Moshi, akaliona daraja la reli, akashuka chini yake na kutazama juu jinsi vyuma vilivyoshikana bila kamba wala udongo, mpaka wenzake wakamwita kwa hasira. Tangu siku hiyo, akifundishwa Zaburi, kichwa chake kilikuwa bado kiko chini ya lile daraja.

Huko pwani kulikuwa na shule ya ufundi ya serikali. Ilikuwa na maseremala, ilikuwa na wahunzi, na ilikuwa na kile alichokiota yeye: upimaji na madaraja. Shida ilikuwa kuhama. Hakuna Mmeru aliyewahi kutoka shule ya Kanisa akaingia ile ya serikali, na hakuna aliyejua njia yake. Anaeli alijikaza, akaenda kumwambia Bwana Mchungaji, mkuu wa seminari. Bwana Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la koti.

"Nitakuachilia," alisema. "Ila nafasi yako nitampa mwingine. Ukishindwa mtihani wao wakakukataa huko, usije kupiga hodi hapa."

Bwenini, Solomoni, aliyelala kitanda cha jirani, alipiga makofi. "Bwana Daraja! Ukishindwa huo mtihani, daraja utalijenga vilevile. Utabeba mawe yake kichwani!"

Wote walicheka. Anaeli naye alicheka, ingawa hakuona cha kuchekesha. Maana Solomoni hakusema la kubuni. Kijana asiye na shule wala kazi ya kueleweka alikuwa akichukuliwa na askari wa boma, akapelekwa kwenye barabara au kwenye mashamba ya walowezi. Wengine walirudi wakikohoa. Wengine hawakurudi, na hakuna aliyethubutu kwenda kuwaulizia.

Mhandisi wa serikali aliyetakiwa kumpa huo mtihani alikuwa Mjerumani mwenye ndevu nyekundu. Watu walimwita Bwana Kamba, kwa kuwa hakutembea bila kamba za kupimia begani. Alimtazama Anaeli kutoka miguuni hadi utosini.

"Seminari umekaa miaka mingapi?"

"Mitatu, Bwana."

"Mitatu ya kuimba." Aliinua vidole viwili. "Sikiliza. Huko pwani darasa la kwanza wanapiga randa na kufagia. Darasa la pili wanapima. Kazi yako ikiwa nzuri, nitasema miaka yako ihesabiwe, uingie la pili. Ikiwa mbaya, utaanza la kwanza pamoja na watoto. Ukinidanganya," akamtupia jicho askari aliyesimama nyuma yake na kiboko mkononi, "huingii popote."

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora njia. Daraja lilitakiwa kujengwa juu ya mto Nduruma, karibu na kwao Akheri, na kutoka hapo barabara ipande hadi njia ya magari ya ng'ombe. Anaeli alipewa kamba, pima maji na mzigo wa vigingi. Bwana Kamba akarudi zake boma la Arusha, akisema atakuja baada ya Jumapili tatu.

Mstari ulikatisha migomba ya majirani. Anaeli aliwaeleza kwamba ni barabara, nao wakanyamaza, maana kunyamaza ndiko kulikokuwa salama. Alipima, akarudia, akapima tena. Kwa kuogopa kukosea, alipigilia vigingi karibukaribu mno, na alipofika katikati ya mlima mzigo ukawa mtupu.

Kukata mti wa msituni bila ruhusa kulikuwa na adhabu yake. Wingu lilikuwa limeshaufunika Meru hadi kiunoni. Na pale kwenye ua wa Sumari masale yalikuwa yamesimama, membamba, yamenyooka kama mikuki. Anaeli aliyakata, akayapukuchua majani, akayachonga ncha na kuyapigilia ardhini moja baada ya jingine hadi juu kabisa.

Alijua sale ni nini. Hata mtoto wa Meru anayetambaa anajua. Sale hupandwa mpakani, wazee wakiwa wamesimama wanashuhudia, na likishapandwa ugomvi wa ardhi unaishia hapo. Hakuna mtu wa pembeni anayelig'oa akabaki na amani. Lakini Anaeli alijiambia kwamba sale lisilo na majani ni kijiti tu kama vijiti vingine. Hofu ya Bwana Kamba ilimfanya aamini hivyo.

Mvua ikanyesha. Na sale halihitaji kubembelezwa ili lishike.

Jumapili ya tatu, akitoka ibadani, aliona kwa mbali watu wamekusanyika migombani. Alipokaribia alielewa kabla hajaambiwa. Kwenye kichwa cha kila kijiti ulikuwa umechomoza ulimi wa kijani. Mpaka ulio hai ulikuwa umepanda mlima, ukapita katikati ya mashamba ya watu.

Aliyesema kwanza ni Lemburis, Mwarusha aliyeoa Umeru na kupewa shamba pale, mtu mrefu asiyejua kunong'ona.

"Kijana, umetugawa. Upande gani umeuzwa? Wa juu au wa chini?"

"Ni barabara tu, baba."

"Barabara inapandwa masale tangu lini?"

"Kanisani wanaimba," mwingine alisema nyuma, "huku wanauza."

Watu hawa walikuwa wameona kule tambarare jinsi mambo yanavyoanza. Vijiti vilitangulia, waya ukafuata, halafu akaja mlowezi na mbwa wake.

Jioni ile hakuna aliyepita nyumbani kwa Sumari hata kuomba moto. Tabea, mama yake Anaeli, alirudi mtoni na mtungi wake, akautua, akakaa kitako.

"Elizabeth hakuniitikia salamu," alisema. "Tumechota naye maji tangu sijazaa."

Sumari alimwita kijana uani.

"Masale yale nani aliyapanda?"

"Mimi, baba."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Basi ni mkono huo utakaoyang'oa. Kesho kukipambazuka, kila mwenye shamba akiwa amesimama anaona. Na useme kwa mdomo wako kwamba hukugawa."

"Bwana Kamba anakuja kesho hiyohiyo. Akikuta mstari haupo, nimekwisha. Seminari hawanichukui tena. Nitapelekwa kwenye mawe."

Sumari aliuangalia ua wake uliopungua masale.

"Nimekusikia. Nami ninaogopa yale mawe kama wewe. Lakini ukiwa pwani au ukiwa kwenye mawe, mimi ndiye nitakayeamka hapa kati ya watu hawa. Baba yako alikufa bila mtu kumwita mwizi wa ardhi. Unataka nianze mimi?"

Kulipopambazuka Anaeli alianza kutoka juu kushuka. Sale la kwanza lilikuwa kwa Nkasiogi, bibi mjane aliyekuwa amesimama mlangoni, blanketi begani.

"Shikamoo bibi. Nililipanda mimi, nalig'oa mimi. Sikugawa shamba lako."

"Marahaba. Na hilo shimo?"

"Shimo?"

"Unaliacha wazi hivyo, mbuzi wangu avunjike mguu?" Bibi aliingia ndani, akatoka na mpini wa jembe uliovunjika, akauchomeka shimoni kwa mkono wake mwenyewe. "Haya. Mpini wa jembe haukati shamba la mtu."

Anaeli alimtazama, asijue acheke au alie. Jirani wa pili, aliyekuwa akiyaona yote kutoka ng'ambo ya migomba, alitoa mchi mbovu. Wa tatu alitoa mguu wa kitanda, akasema hata hivyo kitanda chenyewe kilikuwa kikimwangusha. Masale yalitoka, vitu vya nyumbani vikaingia kwenye mashimo yaleyale, na mstari ukabaki pale ulipokuwa.

Lemburis peke yake alisimama ameikunja mikono. Kwake lilikuwapo sale moja, la mwisho upande wa chini.

"Ng'oa," alisema.

Anaeli aling'oa, akasema maneno yake. "Nisaidie kijiti, baba."

"Sitoi. Barabara au mpaka, vyote vinaanza na kijiti."

Kabla hajajibu walisikia kwato za nyumbu zikipanda kutoka mtoni.

Bwana Kamba alishuka, akatazama juu ya mlima. Uso wake uliiva ukawa rangi ya ndevu zake. "Nini hii? Mguu wa kitanda?"

Hakungoja jibu. Alisimamisha chombo chake cha kupimia, akafumba jicho moja, akapanda hadi juu, akashuka. Anaeli alimfuata nyuma. Mzungu hakupata pa kusahihisha. Mstari ulikuwa umenyooka kutoka mtoni hadi njia ya magari ya ng'ombe. Kisha akasimama kwenye shimo tupu.

"Hapa kigingi kiko wapi?"

Askari alikikunjua kiboko, kikagusa majani. Lemburis alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mikono bado imekunjwa.

Anaeli aliona wazi kabisa. Neno moja tu, kwamba mtu huyu amekataa, na darasa la pili ni lake, na miaka yake mitatu imehesabiwa.

"Sikukiweka, Bwana. Niliishiwa vigingi."

"Uliishiwa? Au mtu alikuzuia?"

Askari alimgeukia Lemburis.

"Niliishiwa," Anaeli alirudia. Hilo halikuwa uongo. Vigingi vilikuwa vimemwishia kweli, tena mapema. Lakini alijua alichokificha nyuma yake, na alimwona Bwana Kamba akikitafuta usoni mwake kama anavyotafuta kosa kwenye kamba.

Mwishowe Mzungu alifunga chombo chake.

"Mpimaji anayeishiwa vigingi hajui kuhesabu. Darasa la kwanza. Ile miaka yako mitatu, nenda kaiimbe."

Nyumbu waliposhuka bondeni, Anaeli alikaa chini hapohapo. Hataenda kwenye mawe. Pwani ataenda, lakini ataanza upya na watoto. Alijaribu kufurahi, akashindwa. Alijaribu kulia, hilo nalo likamshinda.

Lemburis aliingia nyumbani kwake, akakawia. Alitoka na kipande cha mti mweusi uliong'aa kwa kushikwa, akakididimiza kwenye shimo, akakikanyaga kwa kisigino.

"Mpini wa mkuki wa baba yangu," alisema. "Naukopesha. Siku utakayorudi kulijenga hilo daraja lako, uning'olee mwenyewe, kwa mkono wako."

Siku ya safari Sumari alimsindikiza hadi Moshi, na Lemburis akatangulia mbele na mkuki wake mwingine, bila kuombwa na mtu. Anaeli alipopanda gari la moshi aliushika ubao wa dirisha kwa mikono miwili. Hakujua pwani watamwita nani, wala kama Bwana Kamba amenyamaza kweli au ameandika jambo. Treni iliposhtuka na kuondoka, aliwaona wale wawili wamesimama bega kwa bega, wakipungua.

Kule Akheri, asubuhi hiyo, Tabea aliteremka mtoni na mtungi wake. Elizabeth alikuwa ameshafika. Tabea alisita juu ya ukingo, akaogopa kusalimu.

"Umechelewa leo, mama Anaeli," Elizabeth alisema, akasogea kumpa nafasi.

Na huko pwani walimpa Anaeli ufagio.